Panya mwenye manyoya haba

Mjomba wangu aliposikia kwamba nasomea panya alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alidhani nimejiunga na wale panya buku wa APOPO kule Sokoine, Morogoro, wanaonusa makohozi na kugundua kifua kikuu. Aliwahi kuwaona kwenye taarifa ya habari na anawaheshimu sana. Nikamwambia hapana mjomba, wangu ni wadogo, wa maabara, hawana kazi ya maana zaidi ya kuumwa. Wanazaliwa na hitilafu kwenye ini, na kuna watoto wa binadamu wanaozaliwa na hitilafu hiyohiyo. Akafikiri kidogo, akauliza: "Na hao watoto wako wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimekaa maabara za hospitali hapa Dar miaka mingi, na sijawahi kutia sahihi karatasi ya majibu yenye jina la ugonjwa huo. Mchana napima damu ya watu, jioni nasoma shahada ya uzamili, na mada niliyoishikilia inaitwa magonjwa ya kurithi ya mzunguko wa urea. Jina refu, lakini jambo lenyewe si gumu.

Unakula maharage, dagaa, mshikaki wa barabarani. Mwili ukishavunja hiyo protini, inabaki nitrojeni isiyohitajika, nayo hutokea kama amonia, ambayo kwa ubongo ni sumu. Ini huigeuza amonia kuwa urea, kitu kilekile ambacho wakulima hununua kwa mifuko, ila sisi tunakikojoa bure. Kazi hiyo huzunguka kama daladala. Gari lenyewe ni ornithini. Ndani ya mitokondria, zile injini ndogo za seli, linapakia nitrojeni ya kwanza na kugeuka sitrulini, linatoka nje na kuokota nitrojeni ya pili njiani, linakuwa arginini, na kituo cha mwisho kimeng'enya cha arginesi kinawashusha abiria wote wawili wakiwa urea. Ornithini inarudi tupu kuanza ruti upya. Waliogundua mzunguko huu ni Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit, huko Freiburg, Ujerumani, mwaka 1932, wakitumia vipande vyembamba vya ini la panya. Mwaka uliofuata serikali ya Hitler ilimfukuza Krebs kazini kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akakimbilia Uingereza. Kila nikisoma makala ya fani hii nakumbuka kwamba panya alikuwemo tangu siku ya kwanza.

Vimeng'enya vinavyoendesha mzunguko huo ni sita, na kila kimoja kina jeni yake inayoweza kuharibika. Makadirio yanayotajwa sana, yaliyofanywa kwenye nchi zinazopima, ni mtoto 1 kati ya 35,000. Nchi yetu inazaa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Ukigawanya kwa kiwango hicho unapata watoto zaidi ya 50 kila mwaka. Kwa hiyo mjomba, wapo. Wamezikwa na majina mengine.

Mtoto mwenye ugonjwa mkali huzaliwa mzima kabisa. Alipokuwa tumboni, kondo la nyuma lilikuwa likimwondolea amonia na mwili wa mama kuishughulikia. Siku ya pili au ya tatu anaanza kulala kupita kiasi, anakataa ziwa, anatapika, anapumua haraka haraka, kisha degedege. Daktari yeyote mwenye akili timamu ataandika maambukizi kwenye damu, na ataanzisha ampisilini na jentamaisini, kwa sababu maambukizi ndiyo yanayoua vichanga wengi zaidi, na mtoto hawezi kusubiri. Simlaumu. Lakini mtoto akifariki siku ya nne, cheti kinabaki na neno hilohilo la mwanzo, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza.

Kuna shangazi yangu wa Tandika. Mabinti zake wote wazima, wana watoto wao sasa. Wavulana hawakukaa. Kila aliyezaliwa wa kiume alikuwa mzuri, analia kwa nguvu, ananyonya, na kabla wiki haijaisha ameondoka. Mtaani walisema chango. Wengine wakasema jini hataki mwanamume ndani ya ile nyumba, na alipelekwa Mkuranga, na baadaye Bagamoyo, na pesa ilitumika. Upande wa mume walikuja na kikao, na maneno yaliyosemwa pale bado yanamuuma. Hakuna tone la damu ya mtoto hata mmoja lililowahi kupimwa amonia, kwa hiyo sitabandika jina la ugonjwa juu ya makaburi yale. Nasema tu kwamba siku niliyochora ukoo wa panya kwenye daftari langu la semina, mikono yangu ilisimama.

Panya huyo ndiye mwenye manyoya haba. Alijitokeza kwenye vizazi vya panya wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, mahali walipokuwa wakichunguza athari za mionzi. Aliyewatunza aliona madume kadhaa wakiwa wadogo kuliko ndugu zao, ngozi imekunjamana, manyoya machache. Wakampa jina la hali yake na kuandika kwamba hitilafu inapita kwenye kromosomu ya X. Kwa muda mrefu alikuwa panya wa kuchekesha tu, kidonda cha sura. Mwaka 1976 ndipo Robert DeMars na wenzake walipoonyesha kwamba tatizo lake halikuwa ngozi: kimeng'enya cha OTC, kile kinachounganisha ornithini kuwa sitrulini, kilikuwa kibovu kwenye ini, na amonia kwenye damu ilikuwa juu. Manyoya yalikuwa haba kwa sababu mzunguko ukikwama arginini nayo hupungua. Mkojo wake ulijaa asidi orotiki hadi kuganda mawe kwenye kibofu. Asidi hiyohiyo ndiyo inayotafutwa leo kwenye mkojo wa mtoto anayeshukiwa kukosa OTC.

Jeni ya OTC iko kwenye X kwa panya na kwa binadamu. Dume ana X moja. Ikiharibika hana akiba. Jike ana mbili, na kila seli ya ini lake inazima moja bila mpangilio, kwa hiyo anaishi na ini mchanganyiko, seli nzima na seli mbovu bega kwa bega. Mara nyingi hana dalili. Nusu ya wanawe wa kiume, kwa wastani, watarithi ile mbovu. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua, isipokuwa labda tangu utotoni hapendi nyama, na watu wanamwambia anajidai. Wapo wanawake wengi wa aina hii walioandikwa kwenye makala za kitabibu: mwili ulijifunza kukwepa protini kabla ya daktari yeyote.

Hatari yao kubwa huja baada ya kujifungua. Mji wa mimba unaporudi kwenye ukubwa wake, mwili unavunja protini nyingi kwa siku chache, amonia inapanda, na mama anaanza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kupoteza fahamu. Fikiria sasa desturi zetu: mzazi analetewa supu ya kuku, supu ya pweza ili maziwa yatoke, nyama laini. Kwa mama mwingine yeyote hayo ni mapenzi na ni lishe. Kwa huyu mmoja ni kumwongezea mzigo. Na tukimwona anaongea peke yake tunajua wapi pa kumpeleka, na si maabara. Hivyohivyo kwa mtoto aliyenusurika na ugonjwa wa wastani, anayedumaa: tunamkorogea uji wa lishe wenye soya, karanga na dagaa, na kila kikombe kinamrudisha kitandani.

Narudi kwa panya. Kuna ndugu wa yule wa kwanza anayeitwa spf-ash. Kosa lake ni herufi moja tu ya DNA, ya mwisho kabisa kwenye eksoni (kipande cha jeni chenye maelekezo) ya nne, na linaharibu namna ujumbe wa jeni unavyounganishwa. Anabaki na asilimia 5 hadi 10 ya kimeng'enya. Kiasi hicho kinamtosha kuishi, kukua na kuzaa, na ndiyo sababu maabara nyingi zinampenda. Lakini hapo hapo ndipo pa kushtuka: mtoto mchanga anayekufa wiki ya kwanza hana hata hiyo asilimia 5. Panya aliye hai miezi mingi anamwakilisha yule mgonjwa wa baadaye, si yule wa siku ya tatu. Ukitaka kuona amonia inavyopaa kwenye spf-ash inabidi umlishe protini nyingi, au umzimie kile kimeng'enya kidogo kilichobaki. Na waliojaribu kutengeneza panya asiye na kimeng'enya kabisa walikutana na ukuta wa upande wa pili. Panya asiye na CPS1 (kimeng'enya kinachoanzisha mzunguko), ASS1 au ASL (vya hatua za kati) hufa ndani ya siku moja au mbili. Asiye na arginesi hufika kama wiki mbili tu. Mtoto wa binadamu asiye na arginesi hukua vizuri miaka ya mwanzo, kisha miguu huanza kukakamaa taratibu. Jeni ni ileile, lakini maisha hayafanani hata kidogo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha sitrini. Hii ni protini inayovusha aspateti kutoka mitokondria, na aspateti ndiyo inayoleta nitrojeni ya pili. Binadamu akiikosa anaweza kupata kuchanganyikiwa ukubwani, na ugonjwa umeonekana sana Japani. Watafiti wakaifuta jeni hiyo kwa panya, wakasubiri. Panya akala, akazaa, akazeeka, hana habari. Hapo ndipo wengi wangesema mfano umeshindwa na kufunga kizimba. Wao walijiuliza panya ana nini ambacho sisi hatuna. Ikaonekana kwamba ini la panya lina kimeng'enya kingine kwa wingi, kile cha gliseroli-fosfeti cha kwenye mitokondria, kinachobeba sehemu ya mzigo kwa njia ya uchochoro. Wakafuta na hicho. Mwaka 2007 kundi la Takeyori Saheki likaeleza panya mwenye hitilafu zote mbili, na huyo aliugua: amonia juu, sitrulini juu, na akipewa sukari hali inabadilika. Wagonjwa wa sitrini hupenda karanga, samaki na nyama na huchukia vitu vitamu, kinyume kabisa na wale wanaokosa OTC, kwa hiyo kuona panya anaguswa na sukari ilikuwa habari kubwa. Kwangu, yule panya wa kwanza aliyekataa kuugua alifundisha mengi kuliko kumi walioumwa kwa utii.

Upande wa tiba, panya amekuwa mkweli nusu. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitumia adenovirusi, kirusi kilichogeuzwa kuwa gari la mizigo, kupeleka jeni nzima ya OTC kwenye ini la panya hawa, na panya walipata nafuu. Mwaka 1999 wakafikia wanadamu. Jesse Gelsinger alikuwa na umri wa miaka 18, mwenye upungufu wa OTC wa kiwango cha wastani aliokuwa anaudhibiti kwa chakula na vidonge. Alijitolea ili watoto wachanga wa baadaye wapone. Alichomwa sindano Septemba 13, na Septemba 17 alikuwa amefariki. Kinga yake ya mwili iliilipukia ile virusi iliyobeba jeni. Baadaye ikajulikana kwamba nyani waliopewa dozi kubwa zaidi walikuwa wameshakufa kabla. Panya hakuwa amedanganya. Aliulizwa kama jeni inafanya kazi, akajibu ndiyo. Swali la kinga lilihitaji kuulizwa kwa nguvu zaidi kwingine, na fani nzima ya tiba ya jeni ikasimama miaka.

Na kuna jaribio la mwaka 2016 ambalo nalitaja kila ninapopata nafasi, hata pasipohitajika (wenzangu darasani wameshachoka). Walichukua spf-ash wachanga na kurekebisha ile herufi moja kwa CRISPR, mkasi wa kukata na kuhariri DNA. Takriban asilimia 10 ya seli za ini zilirekebika, na panya wale wakahimili chakula chenye protini nyingi. Wakafanya vilevile kwa panya wakubwa. Ini la mkubwa halikui tena kwa kasi, seli zake hazigawanyiki sana, kwa hiyo badala ya kurekebishwa jeni ilikatwa na kupoteza vipande. Kile kidogo walichokuwa nacho nacho kikapotea, na wakafa kwa amonia. Panya ni yuleyule, herufi ni ileile, dawa ni ileile, umri tu umebadilika.

Mwaka 2025 dunia ilimsikia mtoto KJ wa Philadelphia, aliyezaliwa bila CPS1 inayofanya kazi. Kundi la Kiran Musunuru na Rebecca Ahrens-Nicklas lilimtengenezea dawa ya kubadili herufi moja, ya kwake peke yake, ndani ya miezi kama sita. Waliunda panya wenye kosa lake hasa, wakapima usalama kwa nyani, kisha mwezi Februari wakampa dozi ya kwanza. Safari hii hakukuwa na mkasi wa kukata nyuzi zote mbili za DNA wala virusi ya kubeba. Dawa ilisafiri ndani ya vitone vya mafuta. Kufikia ripoti za mwanzo alikuwa anakula protini zaidi na dawa zake za kuondoa nitrojeni zimepunguzwa. Hawakusema amepona, na nawapongeza kwa kutosema.

Watu walinitumia habari hiyo WhatsApp kutoka kila upande, hata mjomba. Nilifurahi. Kisha nikaenda zamu.

Hospitali ninayofanyia kazi iko upande wa Mbagala, na haina kipimo cha amonia. Sampuli zinapelekwa maabara ya mjini. Sasa, damu ya amonia ina masharti ya bibi harusi. Ichukuliwe bila kumfunga mtoto mkono kwa nguvu, iingie kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau, izamishwe kwenye barafu papo hapo, na iwe imezungushwa kwenye sentrifuji haraka, ndani ya nusu saa au chini yake. Ikichelewa, seli zinaendelea kutoa amonia ndani ya mrija na majibu yanapanda yenyewe. Kichanga mwenye afya anatarajiwa kuwa chini ya maikromoli 100 hivi kwa lita. Mwenye ugonjwa hupita mamia, anaweza kuvuka 1000. Sampuli iliyokaa kwenye Barabara ya Kilwa nyuma ya malori ya bandarini, kuanzia Mtoni kwa Aziz Ali mpaka Bendera Tatu, ikifika na majibu ya 180, utamwambia nini daktari? Ni mtoto au ni foleni?

Kwa hiyo tunazungusha damu kwetu kwanza, tunatenganisha plazima, tunaipeleka ikiwa baridi. Bodaboda wetu anajua kwamba koolboksi ya bluu haisimami kununua miwa. Umeme ukikatika, sentrifuji inasubiri jenereta, na barafu tunaomba kwa mama muuza soda wa getini. Watoto waliopimwa kwa njia hiyo ni wachache, na hakuna aliyeonyesha ugonjwa bado. Madaktari wawili wa wodi ya watoto wameanza kuuliza wenyewe kuhusu amonia pale mtoto "wa maambukizi" anapokosa homa na anapumua haraka bila kifua kuwa kibaya. Hayo ni maendeleo ambayo hayana jarida la kuyachapisha.

Kwenye semina yangu, mwalimu aliniuliza swali la mtego: ungepewa aina moja tu ya panya hawa, na vizimba, na pesa ya chakula chao, ungechagua yupi? Darasa lilitegemea niseme spf-ash, nimemsifu vya kutosha. Nilichagua panya asiye na NAGS. Kimeng'enya hicho hutengeneza kiwashio cha CPS1, na kukikosa kwake kunazibwa kwa dawa iitwayo asidi kaglumiki, ambayo mgonjwa wa NAGS humeza na mzunguko ukaanza kuzunguka karibu kawaida. Panya huyo akichanganyiwa dawa hiyo na sitrulini kwenye maji, anaishi, anazaa. Ukiiondoa, amonia inapanda muda si mrefu. Maana yake mtafiti ndiye anayechagua saa ya ugonjwa kuanza. Unaweza kuchukua damu kila baada ya muda, ukaona ni lini kupumua kunabadilika, ni lini ubongo unaanza kuvimba, na ukirudisha dawa baada ya kuchelewa kiasi gani bado unamwokoa. Mwalimu akasema hilo si swali la jeni, ni swali la muda. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu kutoka Mbagala kwenda mjini jeni hainisumbui.